Woga Hauuawi, Huchoshwa

Wenzangu wa shule ya udereva, siku ya kuniaga mlinizawadia saa ya ukutani, utadhani mtu aliyestaafu ana haraka ya kwenda popote. Kisha mkaniomba niandike machache ya kuwasaidia ninyi mnaobaki na funguo. Nimekubali. Habari za vyeo sitaziandika, kwa sababu kwenye kazi yetu kuna vyeo viwili tu, mwenye gari na anayeliosha, na mnajua mimi nilifika wapi. Nitaandika habari za watu waliotetemeka. Mimi mwenyewe nimo.

Nilianza Kitale, nyuma ya gereji ya Mzee Balbir. Alikuwa Singasinga aliyezaliwa palepale mjini, mwana wa fundi, na Kiswahili chake kilikuwa cha gereji: kifupi na chenye grisi. Alikuwa na magari mawili ya mafunzo, walimu watatu wanaume, na ule ubao mnaoujua, wenye mji wa kuchorwa ambamo watu wazima husukuma vigari vya plastiki huku wakijitahidi wasitoe sauti ya injini kwa midomo. Mimi nilikuwa karani wa kupokea simu. Siku mwalimu mmoja alipoacha kazi bila kuaga, Mzee alinirushia funguo. "Nanjala, wewe unaendesha vizuri na hupendi kelele. Ingia gari." Usaili ukaishia hapo.

Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa mkulima wa mahindi kutoka Saboti. Alifungua mlango, akanitazama, akachungulia kiti cha nyuma.

"Mwalimu ako wapi?"

"Ameenda kunywa chai," nikamwambia. "Atarudi jioni. Wacha tuanze tu bila yeye."

Tukaanza. Jioni, alipoweza kurudi rivasi bila kuangusha zile ndoo tulizopanga kama alama, aliuliza tena kama mwalimu amerudi. Nikamwambia bado. Alimngoja wiki tatu, akapata leseni, akaenda zake.

Gari letu lilikuwa na klachi na breki za pili upande wa mwalimu. Ninyi mnazichukulia kama mapambo, nimewaona mkiweka chupa za soda karibu nazo. Pedali hizo mbili ndizo tofauti kati ya mwalimu na abiria mwenye kelele. Mzee Balbir alizipaka mafuta mwenyewe kila Jumatatu, na kila Jumatatu alirudia onyo lake moja: mwanafunzi asiambiwe "usiogope."

"Ukimwambia mtu usiogope, umemwambia nini?" alikuwa akiuliza. "Umemkumbusha tu. Mwambie ataje kitu anaona. Ng'ombe, ataje ng'ombe. Baiskeli, ataje baiskeli. Mdomo ukiwa na kazi, akili inakosa nafasi ya kutunga uongo."

Nilidhani ni maneno ya mzee. Niliwaambia wanafunzi wangu wataje ng'ombe, nao wakataja ng'ombe, na ndani yangu nilicheka. Mimi sikuwa na woga. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, gari lilikuwa na breki mbili, na mtu asiyewahi kupigwa na kitu hujiona ni jasiri kumbe ni mgeni tu.

Mwaka wa tatu nilipewa mwanafunzi aliyekuwa karani wa benki, dada mpole sana, aliyeomba msamaha hata kwa gia. Tulikuwa njia ya Saboti, asubuhi, barabara tupu. Mbele yetu punda akaingia barabarani akiburuta mkokoteni wa mitungi ya maji. Dada alitaka kukanyaga breki, akakanyaga mafuta. Hayo hutokea, na ndiyo maana mimi nilikuwa nimeketi pale.

Mguu wangu haukwenda. Sina namna nyingine ya kulisema. Niliuona mguu wangu, niliiona breki, nikaona punda anakua mkubwa kwenye kioo cha mbele, na kati ya mguu na breki palikuwa na umbali wa Kitale hadi Mombasa. Dada alikata kona mwenyewe, tukaingia kwenye mtaro na kutokea upande wa pili, ndani ya mahindi ya mtu. Punda hakuguswa. Dada alivunjika mkono. Mimi nilitoka na mkwaruzo kwenye paji la uso.

Kila mtu alisema mwanafunzi alikosea pedali. Mwanafunzi mwenyewe alisema hivyo. Wiki iliyofuata alikuja gereji, mkono umefungwa plasta, na mkono wa pili ameshika kuku. "Mwalimu, nisamehe. Ningekuua." Nikapokea kuku. Nikamwambia yameisha, asijali. Jioni nikamchinja yule kuku. Alikuwa mtamu, na hilo ndilo jambo baya zaidi ninalokumbuka kuhusu siku zile.

Baada ya hapo mgongo wangu ukaanza kuuma. Mgongo ni ugonjwa mzuri sana, hauonekani kwenye picha. Nikaomba nifundishe ubao tu. Kwa mwezi mzima nilisukuma vigari vya plastiki kwa ustadi ambao Kitale haijapata kuuona tena. Nikipita karibu na gari la kweli, viganja vinalowa, moyo unapiga kama mtu aliyefungiwa nje. Watu wa kanisani walinishauri. Mmoja alisema nijiamini. Nilitaka kumuuliza kujiamini kunauzwa duka gani nikanunue nusu kilo.

Mzee Balbir hakunishauri. Siku moja alinyoosha gari lililoanguka, akafuta mikono, akaja kusimama mbele ya ubao wangu.

"Nimeenda kuangalia barabara," alisema. "Tairi hazikuandika kitu. Hata mstari mmoja. Kwa hiyo breki yako haikuguswa. Mguu ulikuwa wapi?"

Nililia. Aliningoja nimalize, kama mtu anayengoja injini ipoe, kisha akasema, "Kesho njoo na viatu vya chini. Kazi iko."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kijinga kabisa. Siku ya kwanza nilikaa kiti changu, injini imezimwa, nikakanyaga breki. Nikaachia. Nikakanyaga. Nikitaja kwa sauti: naona ukuta, naona paka, naona Mzee anakula karanga. Siku ya pili vilevile. Mafundi walikuwa wanacheka waziwazi. Siku ya tatu Mzee alikaa kwenye usukani, akazungusha gari uwanjani polepole, na kila mara akaelekeza pua ya gari kwenye pipa la mafuta machafu ili nimzuie. Mara ya kwanza nilipiga kelele. Mara ya kumi sikupiga kelele. Tulizunguka asubuhi nzima, tukanywa chai, tukazunguka tena, hadi mimi, mtu aliyekuwa akitetemeka akiona bampa, nikapiga mwayo mrefu wa kuonyesha meno ya mwisho.

Mzee akazima gari. "Umeona? Woga hauuawi. Watu wanataka kuua, wanapiga kelele, wanaomba. Unapelekwa tu palepale kila siku, hadi unachoka wenyewe. Akili ni kama ng'ombe mgeni. Mzoeshe njia, ataacha kuruka."

Nilimshukuru. Akanyanyua kidole. "Hiyo ni nusu. Nusu nyingine, enda kwa yule dada umwambie mguu ulikuwa wako."

Nilisema nitaenda Jumatatu. Jumatatu zikawa nyingi. Benki ikamhamishia Pwani. Baadaye nilimkuta mtu wa kwao akaniambia dada hakushika usukani tena maisha yake, ati alijua hana kichwa cha gari. Nilimwambia mtu huyo amsalimie. Huo ndio uliokuwa ushujaa wangu wote: salamu.

Mzee Balbir alipofariki gereji iliuzwa, nami nikahamia Bungoma, kwenye shule hii mliyonikuta. Miaka ishirini nilifundisha kwa njia yake. Nilifundisha wauguzi, makarani, wachungaji, wafanyabiashara wa mitumba, na wanaume wengi waliokuja "kukumbushwa kidogo" kumbe hawajui klachi iko upande gani. Sikuwahi kumwambia mtu "usiogope." Sikuwahi pia kumwambia mtu habari za njia ya Saboti. Mlikuwa mnaniita Chuma, na mimi nilikuwa naitika.

Sasa niwaambie habari za Kocha Fidelis. Ameniruhusu kuandika, na mtaona kwa nini.

Mabango yake mliyaona, haikuwezekana kutoyaona. Amekunja mikono, ametabasamu na meno yote, na chini yake maandishi: Badili Akili, Badili Maisha. Alikuwa akifundisha watu ujasiri kwenye kumbi, kwenye harusi, hata matangani alipoachiwa kipaza sauti. Nilimsikia mara moja kwenye mahafali. Alituambia tujitazame kwenye kioo kila asubuhi tuseme, "Mimi ni simba." Nilijaribu. Kioo kilinionyesha mama mwenye kilemba akiwa amechelewa kazini.

Basi asubuhi moja huyo simba akaja ofisini kwetu amevaa miwani myeusi na kofia, akafunga mlango nyuma yake.

"Mwalimu, nataka masomo. Lakini ya siri."

"Leseni unayo?"

"Ninayo. Miaka saba."

"Gari?"

"Ninalo. Jipya kabisa." Akavua miwani. "Siwezi kuvuka Kanduyi."

Mnajua makutano ya Kanduyi, pale barabara ya mjini inapokutana na barabara kuu ya Malaba na trela zinapita kama nyumba zilizopata hasira. Miaka miwili nyuma Fidelis alikuwa akivuka pale na binti yake, gari likazima katikati, trela ikapiga honi. Ilisimama mbali kiasi cha kutosha. Hakuna aliyeumia. Lakini yeye aliganda, mikono ikashikana na usukani, na binti wa miaka tisa ndiye aliyemwambia, "Daddy, washa gari." Tangu siku hiyo akiona trela anaishiwa pumzi. Gari likawa la kukaa uani. Watu aliwaambia liko gereji.

"Na siku zote hizo unafundisha watu ujasiri?" nikamuuliza. Nakiri niliuliza kwa raha.

"Kwa jukwaa siogopi," akasema. "Kwa jukwaa hakuna trela."

Ningemcheka zaidi, lakini akanieleza kilichomleta. Mama yake anaishi Sirisia, na figo zake zimeharibika. Jumanne na Ijumaa lazima afike hospitali mjini kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Fidelis alikuwa akimpeleka kwa boda boda. Ijumaa iliyopita, wakirudi, mama alizimia nyuma ya pikipiki, na mwendeshaji akamshika kwa mkono mmoja hadi waliposimama. Mama alipozinduka, jambo la kwanza alilosema ni, "Fide, hilo gali ulinunua la kuangaria?"

Aliponisimulia hilo hakuwa na meno ya kwenye bango. Nikachukua funguo.

Hatukuanza na gari. Nilimpeleka Kanduyi kwa miguu, tukaketi kwenye benchi la mama mmoja anayeuza chai kando ya barabara kuu, nikamwambia ataje anachokiona.

"Mwalimu, watu wananijua hapa."

"Basi taja kwa sauti ndogo."

"Naona trela," akanong'ona, jasho likimtoka. "Naona... inakuja kutugonga."

"Hiyo ya pili huioni, unaitunga. Taja unachoona."

"Naona trela. Nyekundu. Imebeba kontena. Dereva ana shati la bluu. Imepita."

"Nyingine."

Siku ya kwanza alikunywa vikombe vitano bila kujua. Siku ya pili alijaribu kunihutubia kuhusu nguvu ya mawazo chanya, nikamwambia chai inapoa. Alitaka njia ya mkato. Watu wa jukwaa wote wanataka njia ya mkato, maana wamezoea kubadilisha maisha ya watu kati ya saa tatu na chakula cha mchana. Siku ya tano akasema amepona, akasimama kishujaa hadi ukingo wa lami, trela ikapiga honi, akarudi mbio kwenye benchi, akakalia sahani ya mandazi. Tukaendelea. Siku ya tisa, katikati ya msururu mrefu wa malori ya mafuta, Kocha Fidelis alipiga mwayo. Akaushika mdomo kama mtu aliyekosa adabu.

"Samahani, Mwalimu."

"Usiombe samahani. Kesho tunakuja na gari."

Kwa wiki mbili tulivuka Kanduyi kwa gari la shule, kwenda na kurudi, hadi mwenye chai akaacha kutupungia mkono. Alizima gari mara nyingi. Kila alipozima nilimfundisha mambo ya mikono: toa pumzi kwanza, ndefu, kama unapuliza uji, legeza vidole, klachi, washa. Hakuna simba popote ndani ya utaratibu huo. Kisha Ijumaa ikafika, na mama yake alikuwa Sirisia akingoja, na Fidelis akataka tumchukue na gari lake, lililokuwa uani kwake, ng'ambo ya Kanduyi.

Gari lake lilikuwa zuri, jeusi, linanukia duka. Niliketi upande wa abiria, nikatazama chini. Hakukuwa na pedali. Bila shaka hakukuwa na pedali, lilikuwa gari la mtu. Lakini mguu wangu wa kulia ulianza kutafuta sakafuni, na viganja vikalowa kama miaka ile. Nikasema kimya kimya: naona zulia, naona kiatu changu, naona mjinga mmoja wa miaka hamsini na tisa.

Mama alitoka ndani akiwa amejifunga shuka, mdogo, amevimba miguu, macho makali. Tulitaka kumlaza kiti cha nyuma, akakataa.

"Mulembe, Mwalimu. Ni wewe umefundisha huyu?"

"Mulembe, mama. Ninajaribu."

"Tutafika?"

"Tutafika."

"Basi akuje na adabu, mimi si gunia."

Njia yote Fidelis aliendesha vizuri. Tulipokaribia Kanduyi akapunguza mwendo. Akasimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaingia. Katikati kabisa, gari likazima.

Trela ilikuwa ikija kutoka upande wa Malaba. Ilikuwa mbali, nawaambia kama mtu wa kazi: palikuwa na nafasi ya kutosha. Lakini honi haijui nafasi. Iliposikika, mguu wangu ulipiga sakafu mara mbili na haukuzuia chochote. Nilifungua mdomo nimsaidie, nikagundua sina sauti. Yeye ndiye aliyeanza.

"Naona trela," akasema. "Nyeupe. Naona taa zake. Naona boda boda ya manjano. Naona mama kwenye kioo."

"Unaongea na nani?" mama akauliza kutoka nyuma.

"Na akili yangu, mama."

"Basi iambie iharakishe."

Fidelis akatoa pumzi. Vidole vikalegea, nikaviona vikilegea kimoja kimoja. Klachi. Gari likawaka. Tukavuka, trela ikapita nyuma yetu na upepo wake, na mama akasema, "Hata rori yenyewe haikuwa kubwa." Tulipofika hospitali Fidelis alimshika mama mkono hadi ndani, kisha akarudi kwenye maegesho akaegemea ukuta, akalia kama mtoto. Mimi nilikuwa nimeketi garini bado. Miguu ilikataa kushuka. Yeye alidhani namngoja.

Kuanzia hapo Jumanne na Ijumaa zikawa zake. Mimi nilirudi kwa wanafunzi wengine, na miezi ikapita hadi nikakaribia kustaafu. Ndipo bango jipya likatundikwa pale Kanduyi: Kocha Fidelis, Nilivyouchosha Woga. Nikasema vizuri, angalau amekubali kwamba hakuuua. Aliniletea mwaliko, nikaenda, nikaketi nyuma.

Ukumbi ulijaa. Fidelis alikuwa na suti ya buluu na kile kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola, kwa hiyo alitembea kati ya watu akipunga mikono yote miwili. Akaeleza yote. Benchi, kutaja, kurudia, mwayo. Maneno ya Mzee Balbir yalitoka mdomoni mwake yakiwa yamenyolewa na kupakwa mafuta. Alisema ni matokeo ya utafiti wake wa muda mrefu. Nikavumilia. Mzee Balbir mwenyewe angevumilia, na angecheka kuhusu ile suti.

Kisha mama mmoja wa safu ya mbele yangu akainua mkono. Alikuwa Consolata, muuza vitunguu, baadaye nilimjua vizuri. Alisimama akishikilia kiti.

"Kocha, mimi nilinunua pikapu ya biashara. Nikishika tu usukani, mwili wote unatetemeka. Nimeiweka nyumbani mwaka mzima, watoto wanachezea hapo. Nilikuwa nataka kuuliza, hata wewe uliwahi kuogopa hivyo? Hiyo kitu ulikuwa unaogopa ni gani?"

Ukumbi ukamtazama Fidelis. Nikamwona anavyotazama ukumbi. Nilijua uso ule, niliufundisha wiki tatu. Trela ilikuwa imefika, safari hii ikiwa na macho mia mbili.

"Mimi?" akasema, akatoa meno ya bango. "Mama, mimi Mungu aliniumba bila hiyo kitu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Consolata naye alicheka kidogo kwa heshima, akaketi. Mabega yake yakashuka. Baada ya dakika chache akachukua mkoba wake akatoka, na nilipoyaona mabega yale mlangoni niliona mwingine kabisa: dada mwenye plasta mkononi, akitoka gereji ya Kitale bila kuku wake.

Nikamfuata. Nilimkuta nje karibu na tangi la maji, akiosha uso.

"Mama, unaenda wapi mapema hivi?"

"Nyumbani. Nitauza tu hiyo gari," akasema. "Kumbe ni mimi tu ndio niko hivi."

Siri ya Fidelis ilikuwa tayari mdomoni mwangu, na ilikuwa na ladha. Lakini siri ya mwanafunzi si ya mwalimu. Nikabaki na ya kwangu, na hiyo sikuwahi kuitoa tangu Mzee Balbir anyooshe lile gari. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa udereva. Nikamwambia njia ya Saboti, punda, mitungi. Nikamwambia mguu uliganda, na kwamba mtu mwingine alibeba lawama, akaniletea kuku.

Consolata akatazama miguu yangu. "Ni huu?"

"Wa kulia."

"Na ukakula kuku?"

"Nikala."

"Yote?"

"Shingo nilibakisha."

Akacheka. Alicheka hadi akashika tangi, kisha akafuta macho, akaninyooshea kidole. "Wewe! Mwalimu mzima!" Akacheka tena, na mimi nikacheka, na kifuani nikasikia kitu kikilegea ambacho nilikuwa nimekizoea hadi nikadhani ni mfupa.

Tulipogeuka, Fidelis alikuwa amesimama hatua chache nyuma yetu. Alikuwa amewapa watu zoezi la kuandika, akatoka kunitafuta. Sijui alisikia kuanzia wapi, lakini habari ya kuku aliisikia. Hakunitazama mimi. Alimtazama Consolata.

"Mama," akasema, "nimekudanganya pale ndani. Mimi naogopa trela. Niliogopa hadi nikampandisha mama yangu mgonjwa kwa boda boda, na gari liko nyumbani."

Sauti yake ilitoka mara mbili. Mara moja mdomoni, na mara moja nyuma yake, kubwa, kwenye spika za ukumbini: gari liko nyumbani. Kile kidude cha kwenye kola kilikuwa kinawaka. Ndani, minong'ono ilikatika ghafla, viti vikaacha kukwaruza.

Mkono wake ukapanda haraka hadi kwenye swichi. Ukakaa hapo. Nikaona midomo yake ikitaja kitu bila sauti, labda tangi, labda Consolata, labda mimi. Kisha akatoa pumzi ndefu, iliyosikika ukumbi mzima, akaushusha mkono bila kubonyeza chochote.

"Ilianza Kanduyi," akasema, sasa akiwa ameelekea mlango wa ukumbi. "Nilikuwa na binti yangu kwa gari."